Kipande cha Kando ya Lami

Usiku lori la mafuta lilipolala ubavu
pale konani, ukitoka Mtama kwenda Nyangao,
kijiji kizima kilitoka na ndoo.
Nami nilitoka, sitakuficha.
Nilikinga dizeli kwa sufuria ya ubwabwa,
nikamuuzia mwenye mashine ya kusaga madumu mawili,
nikajiona mjanja.

Asubuhi nikaona yaliyobaki yamelala wapi.
Yaliteremka na mtaro, kimya,
yakaingia kwangu bila hodi:
robo eka ya mihogo na mbaazi,
kipande alichoniachia mama, Binti Nangoma,
kwa maneno mawili tu:
usikiache kilale.

Kililala.
Mvua ya kwanza ikasimama juu yake
na rangi za shingo ya njiwa.
Mihogo ikanyauka kuanzia chini,
kama mtu anayeanza kufa miguuni.
Ukilima, jembe linatoka linang'aa,
udongo mzito, unanuka gereji.
Hata mchwa walihama.
Nyumbani tunawalaani mchwa. Shamba wasilolitaka
ndilo la kuogopa.

Mwenye lori alituma kijana na karatasi.
Tukatia dole gumba.
Wino ulitoka baada ya siku mbili,
yeye hajarudi.

Bwana shamba Chinguile alikuja na pikipiki,
akachota udongo, akanusa, akatema mate.
"Mama Sijaona," akasema, "dawa yake ni mavi."
Nikadhani ananitukana.
"Ya ng'ombe. Mengi. Changanya, geuza,
nyunyiza maji, geuza tena.
Mna wadudu humo, hutawaona kwa macho.
Wape hewa. Dizeli nayo ni chakula
kwa mwenye njaa ya kutosha."

Sasa huku kwetu ng'ombe ni nani?
Ng'ombe ni Nkwabi, Msukuma wa bondeni,
ambaye kundi lake lilitulia ufuta hadi mashina.
Mimi mwenyewe nilishika panga siku ile.
Mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni nikasema:
warudi walikotoka, na mavi yao.

Nikaenda kuyaomba mavi hayohayo.

Zizini sikujua pa kuanzia. Akaanza yeye:
"Umekuja kudai ufuta?"
"Nimekuja kuomba samadi."
Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.
Akamwita mkewe, Minza, akaniletea koleo.

Viroba arobaini na tatu, toroli la kukodi.
Wahenga wanasema mavi ya kale hayanuki.
Yananuka. Nimeyabeba mimi, sio wao.
Watoto walinizomea njia nzima,
na Sijaona, wa tumbo langu,
alikataa ugali wa mikono yangu wiki mbili.

Nikageuza. Nikanyunyiza. Nikageuza.
Mwezi wa pili harufu mbili zikagombana,
wala sikujua nimwombee nani ashinde.
Mwezi wa tano jembe likatoka na tope,
tope tu, la kawaida, lisilong'aa,
na kwenye bonge moja nyungunyungu,
mwekundu, amejikunja
kama kidole cha mtoto mchanga.
Nikamrudishia udongo wake polepole,
nikakaa chini nikasahau jua.

Nimepanda kunde. Za kupima, si za kula,
Chinguile amenionya mara tatu.
Nusu zimeota. Upande wa mtaro bado,
pale pameganda kama ukoko.

Jana Nkwabi alipita na kundi,
akasimama ukingoni, fimbo mabegani,
akampiga pua ndama aliyenyoosha shingo.
Akatazama pale palipokufa.
"Bado viroba vingapi?"
"Labda ishirini."
"Njoo kesho. Mapema, kabla hawajatoka."
Kuhusu ufuta hakusema neno. Wala mimi
kuhusu panga.

Ile sufuria ya ubwabwa
nimeisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu,
bado wali wake una ladha ya usiku ule.
Leo nimeipeleka zizini.
Ndiyo ninayochotea.